Madaraja marefu ya kuning'inia: lipi linajengwa kweli na lipi bado liko kwenye karatasi

Mwezi huu nimetumiwa video moja mara nne na watu wanne tofauti. Daraja jeupe, minara imepotelea mawinguni, meli za makontena zinapita chini zikionekana kama vibiriti, na maandishi makubwa yanasema Italia wamemaliza daraja refu kuliko yote duniani. Hawajamaliza. Hakuna hata mnara mmoja uliosimama pale. Ile ni picha ya kompyuta ya daraja la Messina, ambalo Waitaliano wanalibishania tangu kabla mimi sijazaliwa, na habari yake ya kweli ni tamu kuliko video yenyewe. Ndo maana nimeona niliandike hili jambo kwa kirefu, kwa sababu kila ukifungua orodha za "madaraja makubwa yajayo" unakuta vitu vya aina tatu vimetiwa kapu moja: daraja ambalo linajengwa leo hii, daraja lenye sheria na bajeti lakini halijamwagiwa hata toroli moja la zege, na daraja ambalo mtu alilichora miaka 30 iliyopita likabaki mchoro.

Kwanza tuelewane kwenye neno "refu". Daraja la JP Magufuli pale Kigongo–Busisi, Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilomita 3. La Messina likijengwa litakuwa kilomita 3.6 na ushee. Ukiangalia namba hizo tu utasema ni ndugu. Na China kuna daraja la reli la Danyang–Kunshan lenye kilomita 164, yaani hapo Messina haionekani kabisa. Sasa kwa nini mainjinia dunia nzima wanaizungumzia Messina? Kwa sababu ya miguu. Kigongo–Busisi limesimama ndani ya Ziwa Victoria kwa nguzo nyingi, na lile la reli la China lina nguzo maelfu, kila hatua chache mguu. Messina haina mguu hata mmoja baharini. Mnara mmoja uko kisiwa cha Sicilia, mwingine uko Calabria upande wa bara, katikati mita 3,300 za hewa. Hicho kipimo cha mnara kwa mnara ndicho kinachoshindaniwa kwenye madaraja ya kuning'inia, na nitakitumia hivyohivyo mpaka mwisho.

Na tusichanganye pia na madaraja kama lile la Kigamboni pale Dar, ambapo nyaya zinatoka mnarani zimenyooka kwa mshazari hadi kwenye barabara. Yale ni familia nyingine. Daraja la kuning'inia lina kebo kuu mbili au nne zinazopita juu ya minara zikiwa zimelegea, mwisho wake zimefungwa kwenye nanga, yaani mabonge ya zege makubwa ajabu huko nchi kavu, halafu kwenye hizo kebo ndo zinashuka nyaya zilizosimama wima kushika barabara. Barabara haijisimamii. Imetundikwa.

Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Ukiivuta ikanyooka sana, ukianika hata kanga mbili mbichi utaona miti ya pande zote inavutwa ndani, kwa sababu kamba iliyonyooka inabeba mzigo kwa mvuto mkubwa mno. Ukiilegeza ikaingia chini, mvuto unapungua, lakini sasa nguo zinagusa mchanga, kwa hiyo inabidi utafute miti mirefu zaidi. Daraja ni hivyohivyo kabisa. Kebo inaachwa ilegee kama moja ya kumi au moja ya kumi na moja ya umbali wa mnara kwa mnara. Kwa mita 3,300 hiyo ni kama mita 300 za kulegea, chini yake uweke nafasi ya meli kubwa kupita, na hapo ndo unaelewa kwa nini minara ya Messina imechorwa kwa mita 399 wakati mnara wa Eiffel una mita 330. Wala si kwamba wanatafuta sifa. Kamba ndo imedai miti mirefu.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu ndo moyo wa habari yote. Kebo inajibeba yenyewe kabla haijabeba gari hata moja. Nilipiga hesabu kwa kalamu: chukua waya wa chuma wa kisasa wenye nguvu ya megapaskali 1,860, amua kwamba hutautia mzigo zaidi ya nusu ya uwezo wake, uache ulegee moja ya kumi. Ukifika kama kilomita 9 mnara kwa mnara, nguvu yote imekwisha kwa kujibeba, huwezi kutundika hata baiskeli. Na usiseme basi tuongeze unene, maana kila waya unaoongeza unakuja na uzito wake mwenyewe, haumsaidii mwenzake kitu. Kwenye mita 3,300, zaidi ya theluthi ya nguvu unayoruhusiwa kutumia inaliwa na kebo yenyewe, kinachobaki ndo cha barabara, reli, malori na upepo. Ndo maana kebo za Messina zimepangwa ziwe nne, kila moja na kipenyo cha mita 1.26 na nyuzi zaidi ya 44,000 ndani yake. Njia mbili tu za kutoka hapo: chuma chenye nguvu zaidi kwa uzito uleule, au kitu chepesi kabisa kama nyuzi za kaboni, ambazo kwa daraja la ukubwa huu bado hakuna aliyethubutu.

Halafu upepo. Hapa kila injinia anakumbuka Novemba 7, 1940, daraja la Tacoma Narrows kule jimbo la Washington, Marekani. Lilikuwa na miezi minne tu tangu lifunguliwe, mita 853 mnara kwa mnara, jembamba sana, na upepo wa kama kilomita 64 kwa saa ukalivunja. Siyo kimbunga, upepo tu wa siku mbaya. Hakufa binadamu, alikufa mbwa mmoja aliyekuwa ndani ya gari lililoachwa katikati. Kilichotokea ni kwamba daraja lilianza kujisokota, upande huu juu ule chini, na kila likijisokota upepo ukalikamata vibaya zaidi na kulisukuma zaidi. Aliyewahi kuona tanga la ngalawa likipigapiga wakati wa kugeuza anaijua ile hali, upepo wenyewe hautikisiki lakini tanga linatikisika, na kadiri linavyotikisika ndo linazidi.

Daraja lina mwendo wake wa kupanda na kushuka, na lina mwendo wake wa kujisokota. Likiwa fupi, mwendo wa kujisokota ni wa haraka zaidi, hizo mbili hazikutani. Kadiri unavyorefusha mnara kwa mnara, zinakaribiana, na upepo wa kasi fulani ukizikutanisha zikawa kitu kimoja, hapo umekwisha. Miaka mingi dawa ilikuwa kuifanya barabara iwe nzito na ngumu kwa vyuma vingi, lakini uzito ndo adui wetu wa kule kwenye kebo. Mwaka 1966 Waingereza kwenye daraja la Severn wakaja na boksi la chuma jembamba lililochongwa kama bawa la ndege, upepo unateleza. Na kwa yale marefu zaidi mainjinia wamefanya kitu cha ajabu, wamelipasua boksi, wakaacha uwazi katikati ili upepo upite badala ya kusukuma. Messina imechorwa na maboksi matatu, la magari ya kwenda, la magari ya kurudi, la treni katikati, na kati yao ni uwazi. Wataalamu wanaliita umbo hilo kwa jina la Messina mpaka leo, yaani daraja ambalo halijajengwa limeshafundisha madaraja yaliyojengwa.

Rekodi ya leo iko Uturuki. Daraja la 1915 Çanakkale, juu ya mlango bahari wa Dardanelles, lilifunguliwa Machi 18, 2022, mita 2,023 mnara kwa mnara. Kwa nini 2,023 na si 2,000? Kwa sababu 2023 ilikuwa miaka 100 ya Jamhuri ya Uturuki. Linafanya kazi na ni kazi nzuri, boksi lake nalo limepasuliwa katikati, ila mkataba wake unasema serikali inamhakikishia mwekezaji magari 45,000 kwa siku, yakipungua serikali inafidia. Shika hiyo, tutairudia.

Kabla yake rekodi ilikuwa Japani, Akashi Kaikyō, mita 1,991, lililofunguliwa 1998. Hili nalo halikupangwa hivyo. Lilipangwa 1,990, minara ikasimama, Januari 1995 likaja tetemeko la Kobe, ardhi ikahama na minara ikasogea mbali kwa karibu mita nzima. Waliangalia uharibifu, wakarekebisha hesabu, wakaendelea. Hilo ni jambo la kukumbuka tukifika Italia.

Sasa yanayojengwa kweli. Ukitaka kujua rekodi itakwenda wapi angalia China, na kwa maoni yangu hapo hapana mjadala. Jimbo la Jiangsu, juu ya mto Yangtze, wanajenga Zhangjinggao, mita 2,300 mnara kwa mnara, minara ya mita 350. Huko Guangdong wanajenga Shiziyang, mita 2,180, na hili lina ghorofa mbili za barabara, njia nane juu na nane chini, yaani njia 16 zimetundikwa kwenye kebo. Yote mawili yamepangwa kumalizika 2028. Mbona China hayabishaniwi miaka hamsini? Sababu moja haina siri: pande zote mbili za maji kuna viwanda na mamilioni ya watu tayari, magari yapo yanasubiri, na wakandarasi wametoka kumaliza daraja jingine kubwa juzi. Lile la Lingdingyang kwenye njia ya Shenzhen–Zhongshan, mita 1,666, limefunguliwa Juni 2024. Timu haijapoa hata kidogo, inahamia tu na mitambo yake.

Messina ni kinyume kabisa. Sheria ya kwanza ya kuunganisha Sicilia na bara ilipitishwa 1971. Kampuni ya serikali ya kusimamia, Stretto di Messina, ikaanzishwa 1981. Tenda ikapata mshindi 2005 chini ya waziri mkuu Berlusconi, 2006 ikaja serikali ya Prodi ikasimamisha, Berlusconi akarudi akaifufua, Monti akaingia wakati wa madeni akaizima, na 2013 kampuni ikawekwa kwenye ufilisi. Mwaka 2023 serikali ya Meloni, na waziri wake wa miundombinu Matteo Salvini akiwa mbele, ikaifufua tena kwa amri. Agosti 6, 2025 kamati ya mawaziri ya mipango ikapitisha mradi kamili kwa euro bilioni 13.5, na hapo ndo zile video zilizaliwa. Ila Oktoba 29, 2025 Mahakama ya Hesabu ya Italia, ambayo bila muhuri wake hela ya umma haitembei, ikakataa kusajili uamuzi ule. Ikagusa sheria za Ulaya za kulinda mazingira, ikagusa pia suala la tenda: mkataba wa zamani umefufuliwa na gharama imepanda mno, je, sheria za Ulaya za manunuzi hazitaki mshindani mpya apewe nafasi?

Mtu akisikia hivyo anasema aah, urasimu. Mimi sikubali. Euro bilioni 13.5 kwa mkataba ambao mizizi yake ni 2005 ni swali la haki kabisa, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya zabuni, hata ya choo cha shule, analielewa.

Kuhusu tetemeko, watu wanaogopa kitu ambacho sicho. Messina iliangamizwa na tetemeko la Desemba 28, 1908, pamoja na wimbi la bahari, walikufa watu makumi ya maelfu, na kila mjadala unaanzia hapo. Lakini daraja la kuning'inia refu namna hii ni kitu kilegevu, likibembea upande kwa upande linachukua kama nusu dakika kwenda na kurudi, wakati tetemeko linatikisa kwa haraka haraka, kwa hiyo nguvu nyingi inapita chini yake bila kulikamata, tofauti na nyumba ya ghorofa tatu ambayo inatikisika kwa kasi ileile ya ardhi. Swali gumu liko chini ya nyayo za minara na nanga: nyufa za ardhini zimepita wapi hasa, na upande mmoja ukisogea kama Kobe, utasogea kiasi gani. Akashi ilisogea mita moja ikaishi. Wanajiolojia wa Italia wanavutana kwenye hilo hadi leo, na ningependa kuona mabishano yao yakipewa nafasi kwenye TV kuliko yale ya wanasiasa.

Kuna waliosema basi tuweke mguu mmoja baharini tupunguze urefu. Kikundi cha wizara yenyewe mwaka 2021 kilielekea huko. Tatizo mikondo ya maji pale ni mikali tangu enzi za Wagiriki wa kale waliosimulia mazimwi ya Scylla na Charybdis, na msingi wenyewe ungekaa kwenye bahari yenye kina katika eneo la matetemeko. Kwa hiyo unarudi palepale, unalipia hewa ili usiguse maji.

Hilo ndo swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayekuletea video: mguu utasimama wapi? Chile wamelijibu kwa bahati. Wanajenga daraja la Chacao kuelekea kisiwa cha Chiloé, na katikati ya mlango bahari kuna mwamba unaitwa Roca Remolinos, mnara wa kati umekaa hapo, kwa hiyo badala ya ruka moja kubwa, yaani mnara kwa mnara, wana mbili, mita 1,155 na 1,055, kwenye eneo lilelile la tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, la 1960. Norway hawana mwamba. Kwenye barabara ya E39 wanakotaka kuondoa feri, Sognefjord ina upana wa kilomita 3.7 na kina cha zaidi ya kilomita moja, hakuna nguzo inayoteremka huko, ndo maana wakachora mpaka mahandaki yanayoelea ndani ya maji.

Gibraltar ndo kabisa. Pale Ulaya na Afrika zimekaribiana kwa kilomita 14 tu, unaiona Morocco ukiwa Hispania, lakini maji ya hapo penye wembamba yana kina cha kama mita 900. Injinia T. Y. Lin alichora ruka za mita 5,000 na minara ya mita 910, ndefu kuliko Burj Khalifa yenye mita 828. Kumbuka hesabu ya kilomita 9: kwenye mita 5,000 zaidi ya nusu ya nguvu ya chuma imeshaliwa na kebo. Kwa fizikia inawezekana kwa shida. Nani ataiweka rehani hela yake, hakuna.

Na kuna lile la Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, ambalo ndugu zetu wa pande za Ghuba wanalikumbuka vizuri kwa sababu 2008 lilitangazwa kwa kishindo: kilomita 28 na ushee, ndani yake ruka moja ya kuning'inia ya kilomita 5, na miji mipya miwili pande zote itakayoitwa Al Noor. Mguu una pa kukaa kwa sehemu, maana kisiwa cha Perim kiko hapo njiani. Lililokosa jibu ni swali la pili, nani atapita na nani atalipa. Malori mangapi kwa siku yanatoka Djibouti kwenda Yemen? Baadaye Yemen ikaingia vitani na michoro ikabaki michoro. Sasa linganisha na Çanakkale, ambayo ina Istanbul na viwanda vyote vya magharibi ya Uturuki jirani, bado serikali ililazimika kumhakikishia mwekezaji magari.

Afrika tunayo ya kwetu, na yanafaa kutajwa kwa sababu yamesimama. Rekodi ya bara kwa madaraja ya kuning'inia iko Msumbiji, Maputo–Katembe, mita 680 mnara kwa mnara, lililojengwa na Wachina na kufunguliwa Novemba 2018. Kabla yake watu wa Katembe walikuwa wanaitazama Maputo ng'ambo wakisubiri feri, kitu ambacho mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa.

Kabla ya Katembe rekodi ilishikwa na Kongo. Daraja la Matadi, mita 520, lilijengwa kwa fedha na mainjinia wa Japani, likafunguliwa 1983, na ndilo linalovuka mto Kongo kule chini karibu na bahari. Wengi wanaopita pale na magari hawajui kwamba chini ya barabara liliachiwa nafasi ya treni, kwa sababu mpango ulikuwa reli iende hadi bandari ya Banana. Reli haikujengwa. Miaka zaidi ya 40 kebo zile zimebeba uwezo wa treni ambayo haijawahi kufika. Mwaka 2022 ujenzi wa bandari ya kina kirefu ya Banana ulianza, kwa hiyo mtu akikuletea sasa habari ya reli ya Banana, mguu umeshapatikana zamani, muulize tu hilo swali la pili.